Magimbi ya Mzee Lipande na Karatasi ya Maombi

Nakumbuka Jumapili niliyomlia Mzee Lipande magimbi yake, nikasafisha na mchuzi, halafu nikaingia kanisani kumwandikia karatasi ya maombi ili Mungu ampatie chakula.

Nimelitanguliza hilo, mwanangu, usije ukasoma mpaka katikati ukidhani unanasihiwa na mtakatifu. Mie ni mwanafunzi wa kidato cha nne. Nina miaka kumi na saba na ndevu tatu, na moja kati ya hizo bado nabishana na kioo. Lakini wewe uliyepata kipaimara mwaka huu ukaja kwaya ya vijana umenikuta, na kwenye kwaya yetu anayekupokea mlangoni na faili la nyimbo ni mzee wako, utake usitake. Kwa hiyo tulia. Nina jambo moja la kukuachia. Mie nililipata kwa aibu, wewe lipate kwa kusoma.

Wakati huo nilikuwa kidato cha pili. Kwetu ni Keko, upande ule ambao ukifungua mlango asubuhi vumbi la mbao linakusalimia kabla ya majirani. Nyumba ya tatu kutoka kwetu, ukiteremka bondeni, alikuwa amepanga Mzee Hamisi Lipande. Mmakonde wa Newala, mchongaji. Yale maua unayoyaona kwenye vichwa vya vitanda vinavyopangwa barabarani, mengi ya zamani yalipita mikononi mwake. Hata mimbari ya kanisani kwetu, zile zabibu na majani yake, alichonga yeye, Muislamu wa swala tano. Mafundi wenzake walipomuuliza kama haoni shida, aliwaambia zabibu hazina dini.

Ugonjwa wa sukari ndio uliomtoa kazini. Macho yalififia, patasi ikaanza kumkata, akaacha. Alikuwa akiishi na binti yake, Somoe, anayepika kwenye nyumba ya wageni huko Kigamboni. Siku za kawaida Somoe alimwachia baba yake chakula. Jumapili zamu yake ilianza alfajiri, kabla hata jiko halijashika moto, ndipo mama yangu akaichukua Jumapili. Hakuna aliyemwomba. Mama alipofika Keko kutoka Njombe, hajui mtu, marehemu mke wa Mzee Lipande ndiye aliyemwonyesha bomba la maji na duka lisilopunja. Ikaanzia huko, na hatukuwahi kuijadili.

Utaratibu ulikuwa huu. Mama anatoka mapema kwenda kwenye mazoezi ya kwaya ya akina mama. Anaacha hotpoti mezani. Mie naibeba, nateremka bondeni, saa mbili kamili naiweka mbele ya Mzee, kisha napanda kwenda kanisani. Mzee alikuwa akijichoma sindano yake ya kushusha sukari saa moja na nusu. Hakungoja aone chakula kwanza, kwa sababu chakula cha mama hakikuwahi kukosa hata siku moja. Hapo pashike vizuri, maana ndipo kosa langu lilipoacha kuwa utani.

Jumapili ile nilikuwa nimepangiwa kuimba peke yangu kwa mara ya kwanza. Beti nzima, kwaya yote nyuma yangu inaguna tu. Mwalimu wa kwaya alikuwa ametangaza kwamba mazoezi ni saa mbili, na atakayechelewa akakae na washarika wengine, aimbe kutoka kwenye benchi. Mwanangu, nilikuwa na muda wa kutosha wa vyote viwili, Mzee na mazoezi. Niliutumia kupiga shati pasi mara mbili na kujisikiliza bafuni, kwa sababu bafu letu lina mwangwi mzuri. Nilipotoka nje zilibaki dakika nne. Kushoto ni bondeni kwa Mzee. Kulia ni mlimani kanisani.

Nikajiambia kwamba wimbo ni kazi ya Mungu na magimbi ni kazi ya mama, na kati ya hao wawili nianze na mkubwa. Nitapeleka baada ya mazoezi, nikasema. Nikapanda na hotpoti yangu mkononi kama mtu anayekwenda pikiniki.

Mazoezi yakaisha saa tatu kasoro robo. Ibada inaanza saa tatu. Nikakaa nyuma ya kanisa, kwenye kivuli cha simtanki la maji, nikipiga hesabu kama naweza kuteremka na kupanda kwa dakika kumi na tano bila shati kulowa jasho. Akaja Gaspa. Gaspa ni mwimbaji wa besi, na tumbo lake nalo linaimba besi.

"Oya, humo kuna nini?"

"Chakula cha mgonjwa."

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Kwake."

"Na sie tuko wapi?"

"Hapa."

"Basi fungua, mwanangu, kabla hatujawa wagonjwa."

Nilifungua kuonja. Magimbi manne, na samaki wa kuchemsha kwenye mchuzi wa limao. Hakuna mtu aliyewahi kuonja magimbi ya mama yangu akaishia kuonja. Tulipomaliza, Gaspa alifuta mikono kwenye nyasi akaingia ndani kwa amani kabisa. Mie nikabaki na miiba.

Sasa, pale mlangoni kwetu, unajua, kunakuwaga na kikapu na vipande vya karatasi. Mwenye hitaji anaandika, anadumbukiza, na mwinjilisti anayasoma kabla ya maombi ya kanisa. Nikachukua karatasi. Nikaandika kwa mwandiko mzuri: "Mzee Hamisi Lipande, jirani yetu, mgonjwa wa sukari. Hajapata chakula leo asubuhi. Bwana ampe chakula na nguvu." Nikaidumbukiza.

Na nikajisikia vizuri. Nataka ulijue hili, maana hakuna aliyeniambia kabla. Ile karatasi ilifanya kazi palepale. Kifua kikawa chepesi, nikaona nimewajibika, nikaingia kwenye mstari wa kwaya na uso wa mtu aliyemaliza shughuli zake. Nafuu ilipatikana haraka sana. Tatizo ni kwamba niliipata mie, na aliyekuwa na njaa yuko bondeni.

Ikafika saa nne hivi. Mwinjilisti akapanda kwenye ile mimbari ya zabibu, akavaa miwani, akaanza kusoma mahitaji. Kuna aliyekuwa na mtihani. Kuna aliyekuwa na safari ya Chanika kuangalia kiwanja, akaomba asitapeliwe. Kila moja likisomwa tunaitikia, "Ee Bwana, utusikie." Halafu ikaja yangu.

"Mzee Hamisi Lipande, jirani yetu, mgonjwa wa sukari. Hajapata chakula leo asubuhi."

"Ee Bwana, utusikie," kanisa zima likaitikia. Na mie niliitikia. Kwa sauti ya kwanza.

Mama hakuitikia. Alikuwa safu ya mbele, na sare yake ya kitenge cha zambarau, na nilimwona mgongo ukinyooka. Hakugeuka kunitafuta. Aliinuka tu, katikati ya maombi, wakati wote tumeinamisha vichwa, akatoka kwenye safu akipita magoti ya wenzake, na viatu vyake vikalia kwenye marumaru kutoka mbele mpaka nyuma. Mama yangu, mwanangu! Mtu ambaye mie nikipiga chafya wakati wa sala nakulaga kofi nyumbani. Mzee wa kanisa aliyekuwa mlangoni akamzuia kwa sauti ya chini, lakini siku hiyo hata panya angesikika.

"Mama Jofu, maombi bado."

"Najua, mzee. Nayafuata."

Akatoka. Jofu ndiye mie. Sasa tungekuwa tunasimuliana hadithi za shule ya Jumapili, hapa ningekwambia niliruka kutoka kwenye kwaya nikamkimbilia. Sikuruka. Maombi yaliendelea kwa muda, na yalipokwisha mwalimu akanyanyua mkono. Kinanda kililia. Nikaimba beti yangu, wimbo alioutunga mwalimu mwenyewe, wa kumwambia Bwana kwamba mie niko tayari, anitume popote. Niliimba vizuri. Siringi, nakwambia ilivyokuwa. Akina mama walipiga vigelegele, mwinjilisti alivua miwani, na mie mwenyewe vinyweleo vilisimama. Kama ungenipima kwa ibada siku ile, ungesema kijana huyu amejaa imani mpaka inamwagika.

Baada ya ibada niliteremka bondeni taratibu, nikibadilisha hotpoti mkono mmoja mpaka mwingine. Uani kwa Mzee Lipande kulikuwa na watu wawili tu. Mzee alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, kitambaa kimefungwa kwenye paji la uso. Mama alikuwa amechuchumaa jikoni na sare yake ya kwaya, mikono ameikunja mpaka viwikoni, anakoroga uji.

Nilichokuja kuambiwa ni hiki. Mama alimkuta Mzee ameanguka kizingitini, shati limelowa jasho, mikono inatetemeka, anaita majina ya watu wa Newala waliokufa zamani. Sindano ilikuwa imeshafanya kazi yake na tumboni hakukuwa na kitu cha kufanyia. Alipoanguka paji la uso lilipiga kwenye kona ya ubao wa mlango. Somoe alishawahi kumfundisha mama: akilegea, sukari kwanza, maswali baadaye. Akakoroga maji ya sukari, akamshika kichwa, akamnywesha kidogo kidogo mpaka macho yakarudi. Kule zahanati walikopita na bajaji waliambiwa kwamba nusu saa zaidi na wangekuwa wanazungumza mengine.

Nikasimama mlangoni. "Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mama yako ananiambia umeniombea kanisani."

"Ndiyo, babu."

"Imepokelewa. Mungu kamleta mama yako. Ila kamzungusha mbali sana, wakati njia ya mkato ulikuwa umeishika wewe mkononi."

Akacheka kidogo, akashika kitambaa chake kwa sababu kucheka kulimuuma. Mama hakucheka. Alinyoosha mkono bila kunitazama.

"Lete hotpoti."

"Ilimwagika, mama."

Akafungua. Akaangalia ndani kwa muda.

"Ikamwagika, halafu miiba ikajipanga pembeni yenyewe."

Hapo ndipo nilipofanya ujinga mwingine tena, kama tunahesabu. Nilikuwa nimetoka kufaulu kipaimara mwaka ule, kichwa kimejaa mafundisho, nikaona nijitetee kitaalamu. Nikasema, "Mama, lakini sie si tunaokolewa kwa imani? Si kwa matendo."

Mama alimimina uji kwenye kikombe, akaupuliza, akampa Mzee. Alinipa sufuria nikaoshe.

Aliyenijibu ni mwinjilisti, Jumanne yake. Nilimpelekea swali lilelile nikitumaini atakuwa upande wangu. Nikamwambia kisa chote, hata Gaspa nikamtaja, maana sikuona sababu ya kuangamia peke yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umekariri vizuri," akasema. "Hakuna hotpoti itakayokupeleka mbinguni. Yesu alishamaliza kazi hiyo, wewe huongezi kitu. Sasa niambie, Jofu. Mtu aliyekwisha kuokolewa, asubuhi ya Jumapili, hotpoti imo mkononi, anateremka au anapanda?"

"Anateremka."

"Mbona wewe ulipanda?"

Akaniambia kwamba imani yangu alikuwa hajaiona bado, alichokuwa ameona ni sauti yangu. Alisema hivyo bila kukasirika, kama fundi anayekwambia kiti chako ni kizuri lakini hakina mguu mmoja.

Basi nikaenda nikageuka upande wa pili, kama vijana tunavyofanyaga. Nikasema kama ishu ni matendo, kwaya ya nini? Jumapili tatu mfululizo nikawa natoka nyumbani nimevaa kama naenda ibadani, napeleka chakula, nakaa na Mzee mpaka amalize, halafu sipandi kanisani. Najilaza kwenye mkeka wake nachezea simu. Nikajiona mtakatifu wa aina mpya, wa vitendo. Jumapili ya tatu nilimpiga picha Mzee akila, nikaiweka status, na maneno juu yake ya kuwashangaa watu wanaosali bila kutenda. Somoe akaiona kule Kigamboni. Akapiga simu kwa baba yake. Mzee akaweka simu chini, akaniangalia na yale macho yake hafifu.

"Umeniweka kwenye simu nikiwa nimetanua mdomo?"

"Nilikuwa nawahamasisha vijana, babu."

"Kwa kijiko changu?" Halafu akaongeza, "Na mbona huendi kusali siku hizi?"

"Si nakuhudumia wewe, babu."

"Mie sikuomba ibada yako. Nilisubiri magimbi tu. Mie swala yangu siiachi kwa sababu nimempa mtu sadaka. Yako utaniachia mie niibebe? Siiwezi, mgongo unauma. Futa hiyo picha, panda mlimani."

Nilifuta. Nikapanda, nikakaa benchi la nyuma na jasho langu. Na ukweli ni kwamba, mwanangu, zile Jumapili tatu nilikuwa nimeanza kumchoka Mzee. Nilikuwa nahesabu anavyotafuna. Nilitaka anishukuru kila tonge. Siku ile, benchi la nyuma, wakati wa sala ya toba, ndipo nilipogundua kwamba tangu niache kusali nilikuwa nambeba mzee wa watu kwa nguvu zangu mwenyewe, na nguvu zangu huwa zinaisha mapema.

Sasa sikiliza nasaha yenyewe, maana faili la nyimbo linanisubiri. Imani si kitu unachomwonyesha mwinjilisti siku ya kipaimara ukapewa cheti. Cheti changu kiko kabatini, na siku ile Mzee anaanguka kilikuwa humohumo, hakikutoka kwenda kumshika. Ukiamini kweli kwamba Mungu amekupenda bure, basi ibada ni pale unapokwenda kumwambia asante na kusikia jina la mwenye shida. Ukishalisikia, miguu ni yako. Usisali kwa ajili ya kitu ambacho umekishika mkononi. Kipeleke kwanza, halafu sali ukiwa njiani, Mungu anasikia hata watu wanaohema. Lakini pia usifike mahali ukajiona umehudumia watu kiasi kwamba huhitaji tena kupiga magoti. Utaanza kuhesabu matonge ya wazee. Na ukiandika karatasi ya maombi, jiulize kabla ya kudumbukiza: mie, katika hili, nimebakiza nini?

Mungu akupe sauti, mwanangu, na akupe jirani. Akupe njaa kidogo ili uikumbuke ya wenzako, ila akuepushe na Gaspa. Akulinde usije ukasifiwa siku uliyokosea.

Nimeruka kitu kimoja makusudi, nikakiacha mwisho. Ni jioni ya Jumapili ileile ya magimbi. Nilikuwa nimeosha sufuria za Mzee, nimefagia ua wake, nimerudi nyumbani nasubiri kuchapwa. Mama alikuwa amekaa uani anaifua sare yake ya kwaya, uji ulikuwa umemwagikia kifuani. Nikajisogeza. Nikamwambia nimeimba ile beti, na kwamba nasikitika hakuwepo kuisikia. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Labda nilitaka aone kuna kitu kimoja siku ile nilikifanya vizuri.

Mama aliikamua sare, akaikung'uta, akaitundika kwenye kamba. Halafu akasema hivi, na sijaongeza wala kupunguza neno:

"Nilikusikia. Spika za kanisa zinafika mpaka bondeni. Nilikuwa nimemshika Mzee kichwa, maji ya sukari yanamtoka pembeni mwa mdomo, na wewe unamwambia Bwana akutume. Uliimba vizuri, Jofrey, nikatamani kulia na nikatamani kukuchapa, na mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Sauti unayo, Mungu akutunzie. Ila siku Mzee hajala, wewe usiimbe."